Snow White: hofu yake, na deni lake kwa vikongwe

Filamu ya Snow White ya Walt Disney ilipofika Uingereza mwaka 1938, bodi ya udhibiti wa filamu ya huko iliipa daraja la A: mtoto aingie ukumbini na mtu mzima. Waliona inatisha mno. Mimi naamini utisho huohuo ndio unaoifanya itazamwe hadi leo, na watoto pamoja na wazazi wao.

Chukua sehemu ya msituni. Mwindaji aliyetumwa na malkia, mama wa kambo anayemwonea Snow White wivu kwa uzuri wake, amuue binti huyo, anapiga magoti na kumsihi akimbie. Binti anatimua mbio. Matawi yanageuka mikono ya kumkwida nguo, magogo majini yanaachama kama mamba, macho yanawaka gizani kila upande, mpaka anaanguka kifudifudi akilia. Kukicha kidogo, kumbe macho yale ni ya sungura, kulungu na ndege. Mtoto aliyefumba uso kwa kiganja anachungulia, anaona hofu imepita na binti bado yupo. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim aliandika mwaka 1976 kwamba hadithi za namna hii humsaidia mtoto kuyakabili yanayomtisha, hata yale asiyoweza kuyasema. Kwa hili nakubaliana naye.

Mtu mzima ana yake. Mwisho anaujua, kwa hiyo anatazama kazi ya mikono: michoro iliyopangwa kwenye vioo, tabaka juu ya tabaka, ili msitu uwe na kina. Kisha yanafika maombolezo, binti akiwa amelala kama mfu baada ya kula tufaha la sumu, na Grumpy, mmoja wa vibete saba waliompa hifadhi, aliyemnunia tangu siku ya kwanza, naye analia. Aliyewahi kufiwa hawezi kuiita sehemu hiyo ya kitoto.

Lawama zipo, na nyingine ni za haki. Inayosikika zaidi ni ya binti anayefagia, anayepika na kungoja mwana wa mfalme aje kumwamsha kwa busu. Ni kweli, tena busu lenyewe limeongezwa. Kwa ndugu Grimm, Wajerumani walioiandika hadithi hii kabla ya Disney, wabeba jeneza wanajikwaa, kipande cha tufaha kinamtoka kooni, naye anazinduka. Hata hivyo sidhani busu hilo ndilo linalodhuru zaidi.

Kinachonisumbua ni sura. Kioo kinaulizwa nani mzuri kuliko wote, na filamu nzima inalikubali swali. Malkia akitaka kwenda kuua, anakunywa dawa na kuwa bibi kizee: mgongo umepinda, pua ndefu ina chunjua, vidole vimekauka. Uovu unapewa mwili wa uzee. Kwetu Tanzania, ambako vikongwe wa Shinyanga na Mwanza wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho yao mekundu, picha hiyo haiwezi kupita hivihivi mbele ya mtoto.

Mama wa kambo naye kaonewa. Katika toleo la kwanza la Grimm, mwaka 1812, anayemwonea binti ni mama yake mzazi. Waliomgeuza kuwa wa kambo ni ndugu haohao, katika toleo la 1819. Lawama hiyo imewabebesha wanawake wengi mzigo usio wao.

Wapo wanaotaka yote haya yafutwe na hadithi zilainishwe. Siungi mkono. Nguva katika hadithi ya mwaka 1837 ya Hans Christian Andersen, mwandishi wa Denmark, anamkosa mwana wa mfalme na kuwa povu la bahari. Filamu ya Disney ya 1989 ikampa harusi. Harusi inapendeza, lakini uchungu ulioipa hadithi yake uzito umeondoka nayo.

Kwa hiyo simshauri mzazi aifiche Snow White, ingawa wa miaka mitatu asubiri kwanza. Akae na mwanawe, na kikongwe anapotokea dirishani na tufaha lake, amwambie wazi kwamba mwenye roho mbaya ni yule malkia kijana aliyejawa wivu, na uzee ule ameuvaa tu ili asijulikane.