Asilimia 15 yetu iko wapi?

Malori ya shaba yanapita Lubumbashi usiku na mchana, vumbi tunameza sisi. Sheria ya madini ya Kongo (DRC) iliyorekebishwa mwaka 2018 iko wazi: mrabaha, yaani pesa ambazo kampuni za migodi zinalipa kwa madini zinayochimba, unagawanywa, serikali kuu asilimia 50, jimbo 25, mfuko wa vizazi vijavyo 10, na 15 ni ya komini au sekta, yaani serikali ya mtaa, yenye mgodi. Haya, ya kwetu imeenda wapi? Mtaro umejaa mifuko na chupa. Mvua ikinyesha, maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Kibao cha mradi kipo, tena kimepakwa rangi vizuri, ila palipoandikwa “gharama” ni peupe! Ukiuliza: “Leta barua.” Ukileta: “Shefu ametoka.” Mtoza ushuru wa soko, huyo hatoki. Hata Jumapili yupo.