Kipindi cha michezo nilikuwa nafyeka majani

Jana mwanangu wa darasa la tano alirudi na karatasi ya vipimo vya mwili. Hapa Finland watoto wa darasa la tano na la nane hupimwa shuleni: mbio za mita 20 za kwenda na kurudi, kuruka, kurusha mpira na kuudaka, pushapu, kunyoosha viungo. Matokeo hayaingii kwenye alama za ripoti. Mtoto anaonyeshwa tu mwili wake umefika wapi. Akaniuliza, "Baba, ninyi mlifundishwa nini?" Nikakosa jibu.

Mliosoma Kigoma mnalijua jibu. Vijana kumi na mmoja na wasichana saba wa netiboli walikuwa wanaandaliwa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Sisi wengine tulipewa fyekeo tufyeke uwanja wao, au ndoo tukachote maji ya mwalimu. Miaka saba! Ziwa Tanganyika tulikuwa tunaliona kutoka dirishani, na hakuna aliyetufundisha kuogelea. Mimi nilijifunzia Kibirizi, ufukweni, kwa kujiiba. Dada zangu hata hilo hawakulipata.

Huku mtoto asiye na timu yoyote anafundishwa kuogelea, kuteleza kwenye theluji, kusoma ramani msituni, mambo atakayoyafanya hadi uzeeni. Kwenye bwawa la mtaani kwetu yupo bibi wa miaka sabini na kitu, anaogelea taratibu kila Jumanne asubuhi, akimaliza anajifuta na kwenda zake kwa baiskeli.

Najua mtasema nimevimba kichwa. Sijavimba. Mimi ni wa Ujiji, hapo hapo Kigoma, na mgebuka, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma hakuna cha kuushinda huku. Wala siwaambii mjenge mabwawa. Mtasema ziwani kuna mamba na kichocho. Kweli, basi tuanzie nchi kavu. Kamba ya kuruka ni shilingi ngapi? Ngoma zetu za Kiha, zile za kuruka mpaka vumbi linatimka, si mazoezi? Mbona zinatolewa siku ya mgeni rasmi tu?

Mwingine atasema watoto wetu wanatembea kutwa, mazoezi ya nini tena. Wanatembea kwa sababu hawana nauli. Siku akipata kazi ya kukaa na hela ya bodaboda, kutembea kumekwisha, na hakuna kingine alichofundishwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Atazitoa wapi, kwa kushangilia Simba na Yanga?

Mama yangu ana presha. Daktari alimwambia afanye mazoezi. Akanipigia simu usiku: "Mwanangu, mazoezi ndiyo yapi?" Mwanamke aliyelima na kubeba kuni maisha yake yote, sasa magoti yanauma, na hajui aanzie wapi. Nilimwelekeza kwenye simu, akiwa ameshika kiti: simama, kaa, simama tena. Alifika mara nane. Sasa anawafundisha majirani wawili, kila siku baada ya Alasiri, uani kwetu.

Desemba nakuja. Mwalimu wa Ujiji au Mwanga mwenye kipindi kimoja na watoto wasio na timu, kamba arobaini nitaleta mimi.