Sweet Briar na wasia wa mama aliyefiwa

Daisy Williams alifariki mwaka 1884 akiwa na miaka 16, mtoto pekee wa watu wenye shamba la maelfu ya ekari huko Amherst, jimbo la Virginia, Marekani. Baba yake alipomfuata miaka mitano baadaye, aliacha neno kwamba ijengwe shule ya kumkumbuka binti. Mama, Indiana Fletcher Williams, akalitia kwenye wasia wake, na alipofariki mwaka 1900 shamba likawa mali ya shule ambayo haijajengwa. Chuo cha wanawake cha Sweet Briar kilianza masomo 1906 kikiwa na wanafunzi 51.

Wengi hukitaja kwa kejeli: marehemu yuko kaburini, bado anawapangia walio hai nani asome. Kejeli hiyo ina haki yake. Indiana aliandika kwamba shule iwe ya wasichana weupe, na shamba lenyewe lililimwa na watumwa. Kibanda chao kimoja kingali kimesimama nyuma ya nyumba kubwa. Vitukuu vya waliolima ardhi ile wakazuiwa kusoma juu yake. Chuo kilikwenda mahakamani 1964, kikampokea mwanafunzi wa kwanza Mweusi 1966, na 1967 mahakama ya shirikisho ikaamua sharti hilo lisitekelezwe. Aliyeshikilia wakati ule kwamba wasia ni wasia, sina la kumtetea.

Ila watu hukomea hapo, na kuna ya 2015. Machi 3 bodi ilitangaza kwamba chuo kitafungwa Agosti: mabinti hawavitaki tena vyuo vya wanawake, tena vya shamba, mbali na miji. Bodi haikuwa ya wajinga. Lakini akiba ilikuwa bado zaidi ya dola milioni 80, na wahitimu wakauliza ni nani afungaye duka lenye fedha kama hizo.

Uchungu wa wahitimu peke yake usingetosha. Kila chuo kinachokufa kina wanaokililia. Kilichowapa pa kusimamia ni karatasi ya yule mama. Mwanasheria wa kaunti ya Amherst alishtaki, akidai kwamba bodi imeshika amana, yaani mali ya kutunzwa kwa kusudi la aliyeiacha, na haina mamlaka ya kuivunja. Mahakama ya Juu ya Virginia ikakubali kwamba sheria za amana zinaweza kukibana hata chuo kilichosajiliwa kama shirika. Juni 20 pande zote zikapatana chuo kisifungwe: wahitimu watoe dola milioni 12, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo aridhie kufunguliwa milioni 16 za akiba yenye masharti. Siku 109 tu tangu tangazo. Tazameni hesabu hiyo vizuri: milioni 12 kutoka mifukoni mwa watu walioambiwa kwamba hakuna tena anayekitaka chuo chao. Bila wasia, fedha hizo zingekosa mlango wa kuingilia.

Aliyekulia karibu na msikiti wa pwani anaielewa mantiki hii bila wakili. Mali ikishawekwa wakfu, msimamizi haiuzi kwa sababu paa linavuja. Mafakihi husema sharti la mweka wakfu ni kama neno la Mtunga Sheria, yaani Mungu, kisha haohao hubatilisha sharti la maasi. Neno "weupe" lilikuwa la kubatilishwa, na lilibatilishwa na mahakama, hadharani. Hilo halikuufanya wasia wote kuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Ugumu wangu ni wa 2024. Bodi, safari hii watu wengine, ilishika maneno ya wasia, "wasichana na wanawake vijana", ikayasoma kwa maana ya zama za Indiana, na kuwafungia mlango wanawake waliozaliwa na jinsia ya kiume. Baadhi ya walimu na wahitimu walipinga. Mwaka 2015 bodi iliona wasia hauwezi kuizuia. Miaka tisa baadaye bodi inasema haiwezi kuuvuka. Na safari hii aliyeutafsiri ni bodi yenyewe.