Mwizi hupiga hesabu, lakini hesabu ipi?

Kijana anayepora simu kwenye foleni ya magari pale Clock Tower, Kampala, hafanyi kwa pupa. Anangoja taa nyekundu, anaangalia dirisha lipi liko wazi, nani ameshika simu kizembe, na ataponyokea wapi kati ya bodaboda na wachuuzi. Anayemtazama kwa makini atakubali kwamba huyu anapima faida na hatari. Hivyo ndivyo Gary Becker, mwanauchumi wa Marekani, alivyoeleza uhalifu mwaka 1968: mtu huvunja sheria akiona atakachopata kinazidi adhabu ikizidishwa na uwezekano wa kukamatwa.

Kama ni hesabu, basi tuongeze adhabu. Uganda imeijaribu njia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, ujambazi wa kutumia silaha ulipozidi, sheria ilikazwa hadi kunyongwa. Wanajeshi walipopindua serikali Januari 1971, kati ya sababu 18 walizozitoa mojawapo ilikuwa uporaji na mauaji ya karibu kila siku. Kitanzi kilikuwepo, na majambazi walikuwepo. Utawala uliofuata ukawapa askari ruhusa ya kuwafyatulia risasi washukiwa, na wananchi walioumia hapo hawakuwa majambazi peke yao.

Hata leo mwizi wa Kampala anajua kwamba umati ukimshika anaweza kupigwa mawe hadi kufa au kuchomwa moto. Adhabu gani tena ni kali kuliko hiyo? Bado anaiba, kwa sababu anaamini kwamba hatashikwa. Cesare Beccaria wa Milan aliliona hili mwaka 1764: kinachomzuia mtu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo nadharia hii ina nguvu, na hapo ndipo wanasiasa wetu wanaisoma nusu.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Mtu aliyelewa waragi akamkata ndugu yake kwa panga kwa ugomvi wa mpaka wa shamba hakupiga hesabu yoyote. Na hata anayepiga, hesabu yake haianzi sifuri: kijana asiye na kazi wala mtaji ana kidogo cha kupoteza, hivyo miezi sita ya jela kwake si sawa na miezi sita kwa karani wa benki. Anayezungumzia adhabu tu bila kugusa upande huo wa mizani anaacha nusu ya kazi.

Hata uhakika wenyewe haujitoshelezi. Juni 2025 Uganda ilianza kutoza faini za barabarani kwa kamera: aliyezidisha mwendo kidogo shilingi 200,000, aliyezidisha zaidi ya kilomita 30 kwa saa shilingi 600,000. Dereva hakuwa na askari wa kumbembeleza wala kumpa “chai”. Kwa nadharia, hiki ndicho kizuizi kamili. Lakini madereva walilalamika kwamba faini ni kubwa kuliko kipato chao na kwamba vibao vya mwendo havionekani, na mwezi huohuo mpango ukasimamishwa. Sikubaliani na waliosema kamera hazifai, ajali zinatumaliza. Ila mtu hawezi kuzingatia kikomo ambacho hajaonyeshwa, na faini inayomnyang'anya mwenye bodaboda mapato ya siku nyingi humfanya aione sheria kama mtego.

Kunyonga nako kumepungua makali. Mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo. Wapo wanaosema tumelegeza. Mimi naona tatizo liko mapema zaidi kuliko hukumu: karibu nusu ya watu walio katika magereza yetu ni mahabusu ambao kesi zao hazijaisha, na Mahakama Kuu husikiliza kesi kubwa kwa vikao vinavyotegemea fedha. Shahidi anaitwa kutoka kijijini, kesi inaahirishwa, anajilipia nauli, anaitwa tena, mwishowe haji, na kesi inakufa. Bajeti ijayo ya usalama ingeanza na nauli ya huyo shahidi na posho ya mpelelezi, kabla ya kununua kamera nyingine.