Usiku wa tatu: nani anastahili kumtibu mraibu mjini Bukavu?

Katika mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu aliyezidiwa na kanyanga, pombe kali ya kienyeji, anaweza kupita mikononi mwa watu wanne kabla ya kuonana na muuguzi hata mmoja: mchungaji wa chumba cha maombi, mfumu, yaani mganga, wa kijijini kwao, reko wa mtaa, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, anayepita nyumba kwa nyumba na daftari lake, na msaidizi wa kisaikolojia aliyeajiriwa na mradi wa miezi michache. Kila mmoja atampa maneno yake, na kila mmoja anaamini kwa moyo safi kwamba anamtibu. Ndiyo sababu dai moja linarudi mara kwa mara katika mazungumzo ya watu wa afya hapa kwetu, kwamba kutibu uraibu na kuwashauri walioumia nafsi iwe kazi ya waliosomea peke yao, na asiye na shahada azuiwe kuifanya. Wanaolipinga wanajibu kwamba katazo la namna hiyo lingewaacha watu mikono mitupu, kwa kuwa hao waliosomea ni wachache mno, na wengi wao wako Kinshasa.

Nianze na upande wa wataalamu, kwa sababu wana hoja ambayo familia nyingi hazijawahi kuelezwa. Mwili uliozoea pombe kali kila siku kwa miaka hauiachi bila mapigano. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho, mikono huanza kutetemeka na jasho kutoka. Ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kupatwa na degedege. Na kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi yao huingia katika hali ambayo madaktari wanaiita deliriamu, ambapo mgonjwa huona wadudu ukutani, husikia sauti, hupigana na watu wasiokuwepo, huku moyo ukienda mbio na joto likipanda. Hali hiyo isipotibiwa huua. Inahitaji diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa kipimo, maji ya kutosha, vitamini B1, na mtu anayejua kuhesabu mapigo ya moyo saa saba za usiku.

Sasa tuitazame ratiba ya chumba cha maombi. Mlevi huletwa, hufungiwa, na hufungishwa siku tatu bila chakula, mara nyingine bila maji. Siku hizo tatu ndizo zilezile ambazo mwili wake uko katika hatari kubwa kuliko zote, na ile vitamini ambayo pombe imekwisha kuimaliza inazidi kupungua kwa njaa, hadi ubongo kuweza kuumia na kumbukumbu kupotea moja kwa moja. Akianza kuwaona wadudu, waombaji husema pepo limeanza kujidhihirisha, na kwa hiyo huongeza maombi badala ya kutafuta gari.

Ninayasema haya kwa sababu niliyaona kwa baba yangu mdogo. Alipelekwa katika chumba cha maombi kimoja huko Kadutu siku ya Jumanne, akiwa amekunywa kila asubuhi kwa miaka isiyopungua kumi. Nilipofika Alhamisi usiku, alikuwa amefungwa kwa kitenge kwenye benchi, anachuma kitu hewani kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa chawa kwenye shati, na anamjibu bibi yetu ambaye tulimzika zamani. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale ndani. Mama mmoja alikuwa akimfuta jasho kwa upole ambao sijauona katika hospitali nyingi. Aliyemwokoa ni muuguzi aliyekuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa hilohilo: aliingia kwa ajili ya mazoezi, akamshika mkono, akamtazama macho, akasema tumbebe sasa hivi. Walimbeba, na akanusurika.

Kwa tukio kama hilo, mtu angeweza kuhitimisha kwamba wataalamu wameshinda kesi. Mimi mwenyewe nilihitimisha hivyo kwa muda mrefu. Lakini deliriamu ni siku chache tu katika ugonjwa unaochukua miaka, na upande wa pili unauliza swali ambalo shahada peke yake hailijibu: baada ya wiki moja hospitalini, nani atakaa naye?

Mkoa wetu wa Kivu Kusini una zoni za afya 34, yaani maeneo ya kutolea huduma za afya. Bukavu tuna SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili kinachoendeshwa na mabruda wa shirika la Frères de la Charité, walewale wenye Tulizo Letu kule Goma na kituo cha Lubumbashi chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent wa karne ya 19 anayekumbukwa kwa kutetea kwamba wagonjwa wa akili wasifungwe minyororo. Ni kazi kubwa na ya heshima. Hata hivyo, mtu anayetoka Shabunda au Fizi hawezi kuja Bukavu kila wiki kwa saa moja ya mazungumzo, na hata wa Bagira, hapahapa mjini, ataishiwa nauli mwezi wa pili. Kumzuia reko asizungumze naye kwa sababu hana shahada ni kumwambia asizungumze na mtu kabisa.

Kuna pia suala la lugha, ambalo wasomi wetu hulipita haraka. Mwanasaikolojia aliyefundishwa kwa Kifaransa hufikiri kwa maneno ambayo mgonjwa hana. Mama wa Nyamugo hasemi ana sonona. Anasema roho inamuuma, kichwa kimejaa, usingizi umemkimbia, au anahamia Kimashi, lugha ya nyumbani kwake, pale jambo linapokuwa zito. Niliwahi kukaa nje ya ofisi moja ya ushauri na kumsikia kijana wa koti jeupe akimuuliza mama mtu mzima, kwa sauti ya kusoma karatasi, kama hupoteza hamu ya shughuli za kila siku. Mama alinyamaza, kisha akauliza kwa adabu kama karatasi ile ni ya msaada wa unga. Msaidizi aliyeketi pembeni, asiye na shahada yoyote, alimsogelea akamwambia, «Mama, bado unaenda sokoni?» Mama akaanza kulia, na maneno yakatoka.

Upande huu una ushahidi pia, na umetoka hapahapa kwetu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanywa vijijini, sehemu kubwa Kivu Kusini, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Wanawake 157 katika vijiji 7 walipewa tiba ya mazungumzo, zaidi katika vikundi, iliyopangwa hatua kwa hatua na kurahisishwa kwa wasiojua kusoma. Wengine 248 katika vijiji 8 walipewa msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba kumalizika, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vijiji vya tiba, na asilimia 42 katika vijiji vingine. Waliotoa tiba hiyo hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia Wakongo, wenye miaka michache ya sekondari, waliopewa mafunzo ya wiki mbili.

Tangu hapo jaribio hilo limekuwa silaha ya kila anayetaka kufungua mlango wazi. Nimesikia likitajwa katika semina kama hivi: wiki mbili zatosha. Nadhani hapo linasomwa nusu. Wasaidizi wale walikuwa tayari na uzoefu wa kuwasindikiza wanawake hao kabla ya mafunzo, na baada ya mafunzo walisimamiwa kila wiki, kesi kwa kesi, na watu waliosomea zaidi yao. Na kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo kiini cha matokeo yote: hata katika vijiji vya msaada wa kawaida, waliotoa msaada walikuwa wasaidizi wa aina ileile. Hawakuwa na roho mbaya zaidi wala elimu pungufu. Naona kilichotofautisha asilimia 9 na 42 ni utaratibu wa tiba pamoja na jicho la msimamizi aliyeufuatilia. Kwa hiyo jaribio hilo linamkatalia mwanasaikolojia anayesema asiye na shahada hawezi, na papo hapo linamkatalia mwenye mradi anayemfunza reko wiki mbili na kumwacha peke yake na daftari. Tena lilihusu majeraha ya ukatili. Halikumjaribu mtu anayetetemeka kwa kukosa kanyanga, na si haki kulivuta hadi huko.

Hoja ya waraibu waliopona, kwamba wao ndio wanaofaa kumsaidia mraibu, ni nyembamba zaidi, ingawa nina huruma nayo. Tangu Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ianze Marekani mwaka 1935, watu wamejua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza daktari. Baba mdogo naye alianza kuzungumza kweli alipokutana na dereva mmoja wa mtaa wa Essence aliyeacha pombe. Lakini dereva huyo aliacha kwa siku moja, bila kuumwa, na ndivyo anavyomshauri kila mtu afanye. Kwa mwenye mwili kama wa baba mdogo, ushauri huo ni hatari, na anayeutoa hana mtu wa kumwambia.

Liko pia suala la siri, ambalo sijasikia likizungumzwa vya kutosha. Kifungu cha 73 cha kitabu cha pili cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinamwadhibu anayefichua siri aliyokabidhiwa kwa hali au taaluma yake. Daktari anajua hivyo na muuguzi anajua. Je, msaidizi wa mradi aliyepewa karatasi ya semina anajua kwamba kifungu hicho kinaweza kumhusu? Na mchungaji anayemsimamisha mlevi mbele ya ibada ya Jumapili ili ashuhudie kila alichofanya? Katika mji huu, neno likitoka Kadutu asubuhi, jioni liko Bagira, na mwanamke aliyesema alichotendewa, au baba aliyekiri kuuza mabati ya nyumba ili anywe, hatarudi tena mahali alipovuliwa nguo mbele za watu. Hapa nakubaliana kabisa na wataalamu: anayesikiliza siri za watu lazima aapishwe kuzitunza na awe na mahali anapoweza kushitakiwa.

Basi mstari uchorwe wapi? Kwa maoni yangu, uchorwe mahali penye hatari. Kumkatisha mlevi wa muda mrefu pombe yake, kumpa dawa za usingizi au kumpunguzia, kumshughulikia anayesema anataka kujiua, anayesikia sauti, au mjamzito anayekunywa, hayo yawe ya muuguzi na daktari waliofundishwa, na anayemfungia mtu siku tatu bila chakula kwa jina lolote azuiwe na mamlaka, hata kama anapendwa na mtaa mzima. Najua jambo hilo litawaudhi watu ninaosali nao. Mengine yote, yaani kusikiliza, kutembelea, kurudisha mtu kazini, kuketi na mke aliyechoka, kumsindikiza mgonjwa kama wanavyofanya wale wanaoitwa «maman chérie» katika hospitali ya Panzi, yafanywe na yeyote mwenye utulivu na ulimi mzuri, kwa sharti moja ambalo nisingelilegeza: awe na msimamizi aliyesomea, mwenye jina na simu, anayezipitia kesi zake kila wiki.

Sharti hilo ndilo gumu, kwa kuwa lina gharama isiyoonekana kwenye picha. Katika miradi niliyoikaribia, bajeti zilikuwa na fulana, bendera na semina za uhamasishaji, na mara chache zilikuwa na mshahara wa mtu ambaye kazi yake ni kuwasikiliza wanaosikiliza. Wanasaikolojia vijana wa mji huu wangepata hapo kazi yao ya kweli, yenye hadhi kuliko kugombania wagonjwa na reko. Mwaka 2025 uliifanya hesabu hiyo kuwa ngumu zaidi: Januari, Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu hapa Kongo, ilisimamisha misaada yake ya nje, na Februari mji ulichukuliwa na waasi wa M23, mabenki yakafungwa. Mradi unapokatika hivyo, msaidizi hupoteza mshahara, na mgonjwa hupoteza mtu pekee aliyekuwa amemweleza yote. Ndiyo sababu ningependa usimamizi huo uwekwe katika kituo cha afya cha kila siku, chini ya muuguzi mkuu anayebaki hata wageni wakiondoka.

Baba mdogo hajapona kabisa. Kuna miezi anakaa vizuri, na kuna wiki anapotea. Reko wa avenyu yetu anapita kwake kila Alhamisi, anaketi kwenye kigoda mlangoni, na mikono ya baba mdogo ikianza kutetemeka anampigia yule muuguzi wa kwaya, ambaye namba yake ameiandika kwa kalamu nyuma ya daftari la chanjo. Ni makubaliano ya hao wawili tu. Hakuna ofisi inayoyajua, wala inayowanunulia unite za simu.