Kijiti kinasingiziwa, mafuta yaliyomo mwilini yanaachwa

Kwenye saluni zetu za Sinza na Mwananyamala, kesi ya saratani ya matiti imeshatolewa hukumu. Mkosaji ni kijiti cha uzazi wa mpango, akisaidiwa na sindano na vidonge vya majira. Juzi dada mmoja, kichwa kikiwa ndani ya drya, alikuwa anapaza sauti kuishinda mashine: amekwenda kukitoa chake kwa sababu jirani yake kakutwa na uvimbe. Wenzake wakamwitikia, bora umekitoa shoga.

Sisemi njia za homoni za kupanga uzazi hazihusiki kabisa. Utafiti wa Denmark uliotoka mwaka 2017, uliofuatilia wanawake wapatao milioni 1.8, ulikuta kwamba wanaozitumia hatari yao imezidi ya wasiozitumia kwa karibu asilimia 20. Ukiisikia hivyo lazima ushtuke. Lakini hesabu watu: ni kama mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka. Na mimba usiyoipanga nayo ina hatari zake, tena za karibu zaidi.

Kinachoniudhi ni kwamba mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba homoni ni kitu cha kununuliwa duka la dawa. Mama akishakoma hedhi tunamhesabu amemalizana nazo. Wapi! Ovari zinapoacha kazi, mafuta ya mwilini yanaendelea, yakiwemo ya kwenye titi lenyewe. Humo mna kimeng'enya kinaitwa aromatasi. Kinachukua homoni tulizozoea kuziita za kiume (ndiyo, na sisi tunazo, tezi zilizo juu ya figo zinaendelea kuzitoa) na kuzigeuza estrojeni, homoni ya kike. Ndiyo maana kwa mama aliyekoma hedhi, estrojeni iliyomo ndani ya titi inaweza kuwa mara 10 hadi 20 ya ile iliyo kwenye damu yake. Kipimo cha damu kinasema imekwisha, kumbe titi linajipikia. Na estrojeni kazi yake mojawapo ni kuzihimiza seli za titi zigawanyike. Kadiri zinavyogawanyika ndivyo nafasi ya kuharibika inavyoongezeka.

Kwa hiyo unene baada ya kukoma hedhi unaongeza hatari, na hilo nani wa kulisema Dar? Mama wa miaka 55 akiongezeka mwili anapongezwa: umenawiri, baba watoto anakutunza. Akipungua anaulizwa kwa kunong'ona kama amepima. Bodaboda inamchukua kituoni mpaka mlangoni, na jioni chips mayai. Simcheki, nami naishi hivyo hivyo. Bia nayo imo kwenye orodha ya vinavyoongeza hatari, ila ukilitaja hilo kwenye kikao cha vikoba utabaki peke yako.

Nina jambo jingine, na hili linaniuma zaidi. Shangazi yangu alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya titi alipewa vidonge vya tamoksifeni. Akavimeza kama anavyomeza dawa ya kidonda, na kidonda kilipokauka akaacha. Vilikuwa vinampandisha joto usiku, sasa avumilie kwa ajili ya nini? Hakuna aliyemwambia kwamba dawa ile inakalia vipokezi vya estrojeni kwenye seli, ili homoni ikifika ikute kiti kina mtu, na kwamba kwa kawaida inatumika miaka 5 au zaidi. Wala hakujua kuwa haipewi kila mgonjwa. Kinyama kilichokatwa kinapimwa kwanza kuona kama uvimbe una vipokezi hivyo, maana usipokuwa navyo vidonge havisaidii, na uvimbe wa aina hiyo unaonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu.

Majibu ya shangazi yalikuwepo muda wote. Karatasi imekunjwa mara nne, iko kwenye pochi pamoja na risiti za luku, na imeandikwa kwa Kiingereza kwamba vipokezi vya estrojeni vipo. Tulipomsomea aliuliza swali moja tu, kwa nini hawakumwambia siku ile. Amerudi kliniki, daktari amemwanzishia tena, na joto la usiku amelitafutia feni.