Mchele wa ndege na shayiri ya Karnali

Karnali, kaskazini-magharibi mwa Nepal, imezoeleka kutajwa pamoja na njaa. Kila shida inapotokea, mjadala ni ule ule: mchele wa ruzuku ambao serikali imekuwa ikiupeleka huko kwa ndege tangu miaka ya 1970 umewaokoa watu au umewalemaza?

Wanaosema umewalemaza wana historia upande wao. Kati ya karne ya 12 na ya 14, bonde la Sinja, huko huko Karnali, lilikuwa makao ya wafalme wa Khasa, na majira ya baridi walishukia Dullu, kwenye mwinuko wa chini. Himaya yao ilifika magharibi mwa Tibet, na Kinepali kinachozungumzwa leo nchi nzima kilianzia kwao. Hata baada ya jeshi la Gorkha, ufalme uliounganisha Nepal, kuiteka Jumla, wilaya ya Karnali, mwaka 1789 na mamlaka kuhamia Kathmandu, wenyeji waliendelea kujitegemea. Walipeleka nafaka Tibet na kurudi na chumvi, mizigo ikibebwa na kondoo, kila mmoja na vifuko viwili vya sufu vilivyofungwa mgongoni. China ilipobana mpaka baada ya 1959, na chumvi ya India ikaanza kuuzwa kwa bei nafuu, biashara hiyo ikasambaratika. Umaskini huu, basi, una chanzo kinachojulikana, na si uvivu wa mtu.

Kilimo chao nacho kina ujuzi mkubwa. Jumla hulima mpunga mwekundu uitwao marshi kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500. Tarehe 12 ya mwezi wa Chaitra, mwishoni mwa Machi, mbegu hulowekwa kwenye maji ya mto Tila kwa siku nne, kisha huwekwa ndani kwenye joto la nyumba mpaka zichipue, ndipo zimwagwe kitaluni. Wenyeji husimulia kuwa mbegu hiyo ililetwa na mtawa Chandannath kutoka Kashmir. Mchele mweupe ulipoanza kushuka uwanja wa ndege, tena mwanzoni sehemu kubwa ukiwa wa watumishi wa serikali, ukawa chakula cha heshima. Shayiri, ulezi na nafaka ndogo kama chino zikaonekana chakula cha wanyonge. Dharau hiyo inaniuma kuliko gharama ya ndege.

Lakini hoja hii ina tundu. Wanaosifu maisha ya zamani husahau kuwa wengi wa Dalit, tabaka la chini kabisa lililobaguliwa, hawakuwa na shamba la kutosha, na baadhi walilima mashamba ya wenye mali kwa sababu ya deni, utumwa uliofutwa rasmi mwaka 2008 tu. Kwa familia kama hiyo, shayiri ya asili ni ya jirani. Zipo pia mila ambazo hazifai kutetewa kwa jina la utamaduni: desturi ya chhaupadi, inayomlaza mwanamke aliye hedhini kwenye kibanda nje ya nyumba, imeua wanawake na wasichana kwa baridi, moshi na nyoka. Mahakama ya Juu iliipiga marufuku mwaka 2005, ikawa kosa la jinai mwaka 2018, na bado haijaisha. Na mlipuko wa kuhara ulioua watu wengi Jajarkot, wilaya nyingine ya Karnali, mwaka 2009 ulionyesha umbali kutoka hospitali unagharimu nini.

Kwa hiyo siungi mkono wanaotaka Karnali iachwe na mabonde yake. Barabara ya Surkhet hadi Jumla, iliyofika huko mwaka 2007, ni ya hatari lakini ni ya lazima, na chuo cha sayansi za afya cha Jumla, kilichoanzishwa mwaka 2011, kinastahili fedha zaidi. Kwenye mchele ndipo pa kubadilika. Tangu katiba ya 2015, Karnali ni jimbo lenye serikali yake Birendranagar. Serikali hiyo ishinikize maghala ya umma yanunue kwanza marshi, shayiri na chino ya wakulima wa huko, kwa bei inayolipa, kabla ya kuagiza gunia kutoka tambarare za kusini. Ruzuku ibaki kwa kaya zisizo na ardhi, na mtumishi mwenye mshahara anunue chakula chake sokoni.